Mwaka wa pili juu ya mirunda: kujenga sanamu kubwa ndiyo sala yangu

Mleta uzi

Salaam wakuu.

Kila anayefika ninapofanyia kazi na kunikuta juu ya mirunda, vumbi la saruji hadi kwenye kope, huuliza swali lilelile: "Hii ya nani?" Anataka kujua nani kaagiza na nani atalipa. Sanamu ninayojenga sasa ina mita tano na nusu, saruji juu ya kiunzi cha nondo, na hakuna aliyeiagiza. Huu ni mwaka wa pili. Nikimjibu mtu kwamba kazi hii ndiyo sala yangu, ama ananyamaza au anabadilisha mazungumzo. Nimeona niandike kwa kirefu, kwa sababu nina hakika wapo wenzangu wanaofanya hivi na hawajapata pa kulisema.

Nilianza na vinyago vya kushika mkononi. Kitu kidogo unakitawala. Unakigeuza kiganjani, unakiona mbele na nyuma, kikikushinda unakiweka kando unaanza kingine. Siku nilipoanza gogo lililonizidi kimo mara mbili, utawala huo ulikwisha. Nikiwa begani na patasi, uso siuoni. Nikishuka niuone uso, bega liko mbali na mkono wangu. Basi kazi yote inakuwa kushuka na kupanda: shuka ngazi, rudi nyuma hatua thelathini, tazama, panda, piga patasi mara tano, shuka tena. Mara arobaini kwa siku, siku nyingine zaidi. Anayesali kwa kuinama na kuinuka atanielewa bila maelezo. Mwili unarudia mpaka akili inachoka kubishana, na hapo ndipo unaanza kuona.

Ninachotaka kusema katika uzi huu ni kwamba ukubwa wa kazi unamvua mtengenezaji ile hisia ya kuwa yeye ndiye mwenye kazi. Kwangu mengine yote yanatoka hapo.

Nitoe mfano wa timazi. Kila mjenzi anaijua: uzi na kipande cha chuma kizito kinachoning'inia kukuonyesha wima. Sanamu ndefu isipokaa wima, uzito wake utaegemea upande mmoja miaka yote. Kila asubuhi, kabla sijachanganya chochote, nateremsha timazi kutoka kichwani mwa kiunzi hadi karibu na ardhi. Kwa urefu ule hata upepo mwepesi unaichezesha. Huwezi kuishika ili itulie, maana ukiiachia inaanza upya. Fundi mmoja mzee alinifundisha kuzamisha kile chuma ndani ya ndoo ya maji. Maji yanaila nguvu ya kuyumba kidogo kidogo. Mimi nakaa chini kando ya ndoo, naangalia viduara vikipungua mpaka uso wa maji unalala na uzi unasimama. Dakika tano, wakati mwingine kumi. Miaka ya kwanza nilizichukia dakika hizo. Siku hizi nikizikosa, mkono wangu unakuwa mzito hadi jioni.

Karibuni kwa maswali, hata na mapingamizi.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nimesoma mara mbili na nimekuelewa. Ila swali langu ni la kweli kabisa: kwa nini lazima iwe kubwa? Mtu akisali chumbani kwake, mlango umefungwa, haitoshi? Nikiangalia sanamu kubwa za dunia hii, nyingi zilisimamishwa na watawala waliotaka kuonekana. Unajuaje kwamba na wewe hauko huko huko?

Mleta uzi

Swali zito, na sijalimaliza hata mimi. Ukubwa unaweza kuwa kiburi, na mara nyingi umekuwa kiburi. Kipimo ninachotumia ni hiki: aliyeanza alikuwa tayari kutoiona ikiisha?

Kule Leshan, Uchina, mtawa wa Kibuddha aliyeitwa Haitong alianza mwaka 713 kuchonga Buddha kwenye jabali lililo juu ya makutano ya mito, akitumaini maji yaliyokuwa yakizamisha mashua pale yatatulia. Sanamu ile ina urefu wa mita 71 na ilimalizika mwaka 803. Ni miaka 90. Haitong alikuwa amekufa zamani, na waliopiga patasi za mwisho hawakuwa wamezaliwa siku anaanza. Tena kilichonigusa zaidi kama fundi ni mifereji yake. Katikati ya mafundo ya nywele, nyuma ya masikio, na kwenye mikunjo ya vazi walichonga njia za kuondoa maji ya mvua ili jiwe lisiliwe. Ukisimama miguuni huzioni. Mtu anayetaka tu kuonekana hatoi miaka yake kwa ajili ya mfereji uliofichwa nyuma ya sikio.

Halafu kuna suala la mikono. Kinyago cha kiganjani naweza kukimaliza nikiwa nimegombana na dunia nzima. Hiki cha mita tano na nusu kinanilazimisha nipatane na mtu wa kunishikia nondo. Japani, mwaka 743, mfalme Shomu alipotangaza kutengenezwa kwa Buddha mkubwa wa shaba, aliyepo Nara hadi leo, alielekeza kwamba hata mtu anayetaka kuleta unyasi mmoja au konzi ya udongo akubaliwe. Mwaka 752 ikafanyika sherehe ya kuyafungua macho. Mtawa kutoka India, Bodhisena, ndiye aliyeyachora, na brashi yake ilikuwa imefungwa nyuzi ndefu ambazo waliohudhuria walizishika, ili mkono unaochora uwe wa wote. Kila nikimpa mtu ashike ncha ya kamba ya kupimia, nazikumbuka nyuzi zile.

Kwa hiyo jibu langu: sala ya chumbani inatosha, na mimi nayo ninayo. Hii ya nje inanifundisha nisichoweza kujifunza nikiwa peke yangu.

Mchangiaji wa pili

Ndugu yangu, naandika kwa upendo na kwa hofu. Wengi wetu tumelelewa katika dini zinazokataza hili waziwazi. Kwa Wakristo ipo amri katika Kutoka sura ya 20 kuhusu sanamu ya kuchonga. Kwa Waislamu yapo mafundisho makali kuhusu wanaotengeneza mfano wa kiumbe chenye roho. Wewe unaita kazi hiyo sala. Huoni kwamba unatembea ukingoni mwa shimo?

Mleta uzi

Naona, na nakushukuru kwa kunionea huruma badala ya kunihukumu. Sitaipita hoja yako juu juu.

Katika kitabu hicho hicho cha Kutoka, sura ya 31, anatajwa Bezaleli, aliyejazwa roho ya Mungu ili awe na ustadi wa kazi za dhahabu, fedha na shaba, wa kukata vito na wa kuchonga miti. Kwa hiyo ustadi wa mkono wenyewe haukulaaniwa. Lakini ipo habari nyingine ambayo kwangu ni onyo kubwa zaidi. Musa alitengeneza nyoka wa shaba jangwani kwa kuamriwa, watu wakapona. Vizazi vikapita, watu wakaanza kumfukizia uvumba nyoka yule, na mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande. Ipo katika Wafalme wa Pili, sura ya 18. Kitu kilichotoka kwenye utii kiligeuka kuwa mtego, na kukivunja ndiko kukawa utii. Nimewaambia wanangu: siku mkimkuta mtu anapiga magoti mbele ya sanamu yangu, chukueni nyundo. Namaanisha.

Ninachokiita sala ni ule muda wa kufanya kazi: kusubiri timazi, kunyeshea saruji, kushuka na kupanda. Ikishasimama, imekwisha. Haina nguvu yoyote ya kumsaidia mtu.

Kwa ndugu Mwislamu, sina haki ya kumwambia avuke anachokiamini. Ila kazi kubwa haihitaji uso wala kiungo cha kiumbe. Mchongaji Constantin Brancusi alisimamisha nguzo yake kule Târgu Jiu, Romania, mwaka 1938, kwa kumbukumbu ya waliokufa kuutetea mji huo katika Vita Kuu ya Kwanza. Ina urefu wa zaidi ya mita 29, na ni umbo moja tu linalorudiwa kwenda juu, kama ushanga juu ya ushanga: 15 kamili, na vipande visivyo kamili chini kabisa na juu kabisa. Hakuna jicho, hakuna mkono. Na kwa sababu cha juu kabisa ni nusu, jicho lako halipati pa kukomea, linaendelea mbinguni lenyewe. Malipo aliyakataa. Nguzo ile imenifundisha kusali zaidi ya sanamu nyingi zenye nyuso.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni mama wa watoto wakubwa, nachonga jiwe. Nataka kuongezea kitu kuhusu kusikiliza.

Kabla sijagusa jiwe kubwa nalizunguka na nyundo ndogo, naligonga pole pole kila shibri. Jiwe zima linaita, linatoa sauti kama kengele ya mbali. Jiwe lenye ufa ndani linajibu kwa sauti nzito iliyokufa, "dup". Kwa macho huoni tofauti yoyote. Kuna jiwe nililigonga siku mbili nzima kabla ya kukubali kwamba lina ufa, kwa sababu nilikuwa nimelipenda mno. Nilitaka sikio langu linidanganye.

Na jiwe halina kurudi nyuma. Mwenye saruji anaongeza, mwenye udongo anabandika, sisi tunaondoa tu. Wale wa Lalibela, Ethiopia, wametoa makanisa 11 kutoka kwenye mwamba mmoja mmoja, na wengine walianza juu wakishuka chini: paa kwanza, kuta baadaye, sakafu mwisho. Hebu fikirini fundi anayechonga paa hana hata mlango bado. Ukikosea nguzo huwezi kuileta nyingine kutoka nje, nguzo ndiyo ule mwamba. Mimi nikiinua nyundo namkumbuka mtu yule. Mkono wangu unakuwa na adabu.

Mchangiaji wa nne

Naomba msaada wa vitendo wakuu. Nimeanza na gogo, karibu mita tatu. Limeanza kupasuka kuanzia kwenye ncha hadi nusu ya kifua. Nimekata tamaa, naona kama ni ishara niache.

Mleta uzi

Usiache, na usilifanye gogo kuwa mtabiri. Mti unapokauka husinyaa kufuata mzunguko wa pete zake karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea kwenye kiini. Gogo zima lenye kiini ndani yake halina njia ya kutoa mvutano huo isipokuwa kupasuka. Ndivyo lilivyo, hujakosea chochote kiroho.

Fanya hivi: paka nta au rangi nzito kwenye ncha zote mbili leo hii, kwa sababu unyevu hutoka nchani haraka kuliko ubavuni. Lifunike, lisipigwe jua. Kama umbo linaruhusu, litoboe kiini kwa nyuma, au upasue mfereji mmoja mgongoni kwa msumeno mpaka karibu na kiini, ili mti upasukie pale ulipochagua. Wachongaji wa Kijapani wamefanya hivyo kwa karne nyingi. Ufa uliokwisha kufika kifuani usiujaze sasa. Subiri ukome, kisha uamue kama ni jeraha la kuziba au la kuacha. Mimi ninao mmoja niliouacha, na ndio watu wanaouwekea mkono kwanza.

Nikuambie na langu. Sanamu yangu ya kwanza ya saruji ilidondosha mkono wa kushoto. Nilikuwa na haraka. Nilipaka saruji nyembamba juu ya nondo na wavu wa kuku, kisha jua kali likaikausha siku ya kwanza tu. Watu husema saruji inakauka, kumbe inaganda kwa kunywa maji. Ukiinyima maji siku za mwanzo inabaki ganda dhaifu. Maji ya mvua yakapita, nondo ikaota kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo ikaisukuma saruji kutoka ndani. Mkono ulianguka usiku mmoja wa mvua. Nilipoukuta asubuhi niliketi karibu nao muda mrefu. Ndani ya ile nondo yenye kutu niliiona haraka yangu kama mtu anavyoona picha yake.

Tangu hapo nafunika kila sehemu mpya kwa magunia na kuyamwagia maji asubuhi, mchana na jioni, siku saba bila kukosa, na uzito mkubwa siutwishi mpaka siku 28 zipite. Ukitaka kujua sala yangu ina maneno gani, ni hayo: ndoo, gunia, ndoo, gunia.

Mchangiaji wa tano

Nimekuwa nikisoma tu. Mimi nilijenga sanamu ya udongo na saruji, mita tatu, kwenye kiwanja nilichoruhusiwa kwa mdomo. Miaka minne ya jioni zangu zote. Wakaja wenye mamlaka na mashine, ikavunjwa kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kunywa chai. Sijagusa mwiko tangu siku hiyo. Mnaposema ibada, mimi nauliza: ibada yangu ilikwenda wapi?

Mleta uzi

Ndugu yangu, pole. Pole sana. Uliyofanyiwa ni dhuluma na sitaipaka sukari.

Naomba nikusimulie kitu kimoja, ukipokee ukiweza. Kusini-mashariki mwa Nigeria, upande wa Owerri, Waigbo walikuwa wakijenga nyumba za mbari kwa ajili ya Ala, mungu wa kike wa ardhi. Watu waliteuliwa kutoka katika jamii, wakatengwa ndani ya ua kwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, wakifinyanga sanamu za udongo nyingi, nyingine kubwa kuliko mtu, na kuzipaka rangi. Kazi ikikamilika ua unaondolewa, watu wote wanakuja kutazama kwa shangwe. Baada ya hapo haikarabatiwi. Mvua inanyesha, kuta zinayeyuka, sanamu zinarudi kuwa ardhi, na ikihitajika, kizazi kingine kinajenga mpya. Kwao sadaka ilikuwa kule kujenga, na ilikuwa imeshapokelewa.

Najua tofauti: wao walichagua kuiachia, wewe ulinyang'anywa. Ila zile jioni za miaka minne hakuna mashine iliyozifikia. Hilo naliamini kwa moyo wangu wote.

Mchangiaji wa tatu

Niongezee hapo hapo Nigeria, kwa ajili ya huyu ndugu. Susanne Wenger alikuwa msanii kutoka Austria, akafika kule mwaka 1950, akaugua kifua kikuu, na baada ya kupona akaingia katika dini ya Wayoruba mpaka akawa kuhani. Alikuta msitu mtakatifu wa Osun, mungu wa kike wa mto, mjini Osogbo, unatelekezwa na miti yake iko hatarini. Yeye na mafundi wa hapo, akiwemo Adebisi Akanji aliyekuwa bingwa wa saruji, wakaanza kutengeneza madhabahu yaliyobomoka, kisha wakasimamisha sanamu kubwa mno katikati ya miti. Ukiwa na sanamu ya saruji yenye urefu wa nyumba ndani ya msitu, ni vigumu mtu kuja kukata mti kimya kimya. Mwaka 2005 msitu huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mama yule alifariki mwaka 2009, akiwa na miaka 93, baada ya zaidi ya nusu karne ya kazi hiyo.

Kwa hiyo kuna zinazovunjwa, na kuna zinazolinda. Rudi kwenye mwiko, mwanangu.

Mleta uzi

Asante sana mama. Nimepita mara kadhaa kwenye maneno yako ya jiwe linaloita.

Naweka taarifa ya leo. Nimebakiza kufunga kifua. Nimeacha nafasi ndani yake, ukubwa wa kisanduku, kwa sababu ya jambo la Nara pia. Katika lango kuu la kusini la hekalu la yule Buddha wa shaba wapo walinzi wawili wa mbao, zaidi ya mita nane kila mmoja, waliotengenezwa mwaka 1203 na wachongaji Unkei, Kaikei na wenzao kwa siku 69. Walipofunguliwa kwa matengenezo kuanzia 1988 hadi 1993, ndani yao yalikutwa maandiko matakatifu na majina ya watu waliohusika. Karibu miaka 800 majina yale yalikaa gizani bila kusomwa na yeyote.

Nimeandika majina ya wote walionishikia nondo, waliobeba maji, na yule fundi mzee wa timazi. Nimeyafunga kwenye mfuko usiopitisha maji. Jumamosi nafunga.

Ndugu uliyevunjiwa kazi, nafasi bado ipo. Nipe jina la sanamu yako nilitie humo.

Mchangiaji wa tano

Haikuwa na jina. Sikuwahi kuipa.

Andika tu: ya mita tatu, iliyotazama mashariki.

Mleta uzi

Nimeandika.